Chango Halitibiwi kwa Mume

Ng'wanone, mwanangu Kabula,

Naomba hii uisome ukiwa kwenye basi, ukishamaliza kulia, kabla mtu wa kiti cha pembeni hajaanza kukuuliza unatoka wapi na umeolewa au bado. Ukimwona anachungulia, ikunje. Haya si maneno yake.

Sasa hivi uko Ngulyati, umekwenda kumuaga bibi yako. Jua linashuka, sufuria za biashara nimeshazisugua, wadogo zako wanagombania sabuni huko uani, na mimi nimekaa kwenye kigoda na ile kalamu yako inayovuja. Utarudi na bodaboda, na najua utarudi na chupa. Shangazi yako Nyamizi hawezi kukuacha uondoke bila chupa. Itakuwa ile kubwa ya soda, imejaa maji ya rangi ya tope, imezibwa kwa gunzi, nusu kikombe asubuhi na nusu jioni, na masharti juu yake, usiinywe ukiwa umevaa viatu, usiinywe mbele ya mwanaume. Wakati unasoma hapa itakuwa imeshamwagwa nyuma ya choo, kwa hiyo usihangaike kuitafuta kwenye tranka. Nyasi za pale zikifa nitakuandikia.

Mambo ya kufuli, ndoo, na kutowaazima watu kandambili sikuandikii. Una akili, na huko kuna matroni. Nakuandikia kuhusu hedhi. Unaona, nimeliandika neno lenyewe na bati halijaezuka.

Kwanza lazima ujue lililosemwa siku ile ulipoanguka shambani, kwa sababu ulikuwa ndani na hukulisikia lote. Baba yako alitaka usiambiwe. Alisema utaondoka na mawazo. Mimi naona afadhali uondoke na mawazo kuliko uondoke kama kondoo.

Ulianguka katikati ya mistari ya pamba, wakakubeba, wakakulaza kwa bibi yako. Nilipofika kutoka mjini nilikukuta umegeukia ukuta, umekunja magoti, na tumboni una chupa ya maji ya moto ambayo mtu mwema alikuwekea akasahau kuibadilisha, ilikuwa imepoa kama chupa ya kawaida tu. Nikakuchemshia mengine, ukashika mkono wangu, ukalala kidogo. Nikatoka nje. Walikuwa wameshakaa, baba yako, bibi yako na shangazi yako. Mimi niligeuziwa ndoo niikalie.

Shangazi ndiye aliyeanza. Unajua anavyoanza, lazima akohoe kwanza kama mwenyekiti wa kijiji.

“Wifi, huyu mtoto ana chango. Kumpeleka shule ya mbali na chango lile ni kumpeleka akafie kwa watu.”

“Ana maumivu ya hedhi,” nikamwambia. “Amefaulu kwenda kidato cha tano. Atakwenda.”

“Hedhi tunayo wote. Umeona mwingine anaanguka kwenye pamba?”

“Wengine mliangukia kwenye mahindi, hamkuonekana.”

Bibi yako akacheka, akafunika mdomo kwa khanga. Shangazi hakucheka. Akasema yupo mtu, anatokea Lingeka kule Meatu, mtu mzima, mke wake alifariki, ana ng'ombe wa kutosha na plau mbili. Ameshamtajia habari zako. Nasema ameshamtajia, Kabula. Wewe uko ndani unatapika kwenye beseni, na huku nje kuna mwanaume Lingeka anajua habari zako kuliko matroni atakayekupokea.

“Mtoto ametimiza kumi na nane,” akaendelea. “Akiolewa akazaa, chango linakatika. Hiyo ndiyo dawa yake, nyingine hakuna. Shule ipo tu, atasoma hata baadaye.”

Nikamwangalia baba yako. Alikuwa anachokonoa meno kwa kijiti, na siku ile hakuna aliyekuwa amekula kitu.

Basi nikamuuliza shangazi yako swali moja. “Wifi, wewe umezaa saba. Lilikatika kwa mtoto wa ngapi?”

Nilimwona anatafuta uongo wa kumtosha, anageuza huu anaacha, anageuza mwingine. Kabla hajaupata, bibi yako akasema kwa Kisukuma, taratibu, macho yake yakiwa kwa kuku, kwamba yeye alizaa wanane, na tumbo lilimuuma kila mwezi mpaka damu ilipokoma yenyewe. Akasema miaka yote ile alidhani ni yeye peke yake aliyeshindwa kupona.

“Mama,” shangazi akasema, “si ni wewe uliyeniambia nikizaa litaisha?”

“Na mimi niliambiwa,” bibi yako akajibu.

Ungefikiri hapo kikao kimekwisha. Watu wenye akili wangesimama, wakaingia ndani wakakuomba radhi, wakarudi shambani. Lakini shangazi yako akajishika kiuno na kusema kwamba la bibi lilikuwa la kurogwa, haliwezi kuhesabiwa. Kila linalompinga limerogwa. Mtu wa namna hiyo humshindi kwa maneno, ni kama kupigana na moshi, wewe unarusha mikono na yeye anakuingia machoni.

Ndipo baba yako akatoa kijiti mdomoni. Hukumu yake ni hii. Uende, ila ukianguka huko na wakakurudisha nyumbani, mimi nisibishe tena, na yule wa Lingeka asiambiwe hapana kwa sasa. Baba yako si mtu mbaya. Ni mtu anayetaka kelele ziishe, na akiona hazitaisha anaweza kumtoa mtoto wake mwenyewe ili mradi watu wanyamaze akalale.

Kwa hiyo jua hivyo, mwanangu. Tumbo lako hapa limewekewa watu wa kulisubiri.

Sasa nikueleze mimi. Bibi yako mwingine, mama yangu mzazi, ulimkuta akiwa mgonjwa tayari, hukumjua alivyokuwa. Alikuwa mkarimu, mcheshi, na katika jambo hili alikuwa mtupu kama mimi. Siku ya kwanza nilipoona damu nilidhani nimejikata. Nikamwambia. Akaniangalia miguu, akasema, “Umekua. Usipite zizini.” Basi. Somo limekwisha. Nilikaa siku zile zote nazunguka nje ya zizi kama mwizi, kwa sababu eti nikipita ng'ombe watakauka maziwa. Hao ng'ombe nadhani hawakuwahi kuulizwa. Nilipokuwa mtu mzima, kwenye boma la baba yako, nilipita makusudi. Nilipita nikiwa katika siku zangu, na ndoo ya maziwa mkononi, nikamkamua mwenye matiti makubwa kuliko wote. Akatoa kama kawaida. Waliokauka baadaye walikaushwa na kiangazi, na kiangazi hakina hedhi.

Pedi sikuzijua. Vitambaa vilikuwepo, lakini nguo kuukuu nyumbani zilikuwa chache na kila moja ilikuwa na mtu anayeivaa. Lakini pamba tulikuwa nayo. Chumba kizima, imefika dirishani, inangoja mnunuzi. Basi nikajiona mjanja. Nikawa nachota pamba pale kwenye lundo, natoa mbegu ninazoziona, nafungia kwenye kipande cha kitenge, nakwenda zangu shule. Nani angenicheka? Watu wa mjini wananunua pamba iliyofungwa kwenye karatasi, mimi ninayo ya kulalia. Sikufikiri kwamba ile pamba ilipigwa dawa ya wadudu tangu ikiwa na maua, na mpigaji mwenyewe alijifunga kitambaa puani. Niliwashwa mpaka nikashindwa kutembea. Nikatoka vipele, nikatoka maji. Mama akanipeleka kwa jirani mjuzi, mjuzi akaniangalia usoni tu, akasema, “Chango limeshuka.”

Hilo neno, Kabula. Ukiumwa tumbo, chango. Mgongo, chango. Mtu hajapata mtoto, chango. Amepata akafa, chango. Msichana ana hasira, chango limepanda kichwani. Pale stendi kuna yule mwenye spika na meza ya mizizi, umemwona, anatangaza dawa moja ya chango, ngiri na kufukuzwa kazi. Watu wanasimama, wanasikiliza, wana simu kubwa mikononi ambazo zingeweza kuwaambia ukweli, na wananunua. Neno moja limefanya kazi ya kuzuia kila mtu asiulize. Mimi nilikuwa na sumu ya viwavi kwenye ngozi, na jibu likawa chango. Sikumlaumu mjuzi wakati ule. Nilimshukuru, nikampelekea kuku.

Nikafika kidato cha pili. Kila mwezi nilikuwa nalalia dawati. Mwalimu mmoja wa kiume alikuwa akipita ananigonga kichwani kwa chaki, “Mke wa mtu, amka.” Darasa linacheka. Na mimi nilicheka, ili isionekane ninaumwa. Mama akasema dawa ni kuzaa. Shangazi zangu wakasema dawa ni kuzaa. Mama mchungaji, ambaye alikuwa na diploma, akasema Mungu ameweka uponyaji katika uzao. Nilitafuta mtu mmoja wa kusema hapana, sikumpata. Baba yako alikuwa anakuja pale kwetu na mkokoteni kuchukua pamba, alikuwa na meno mazuri, na hakuwa na kelele. Hakuna aliyenipiga fimbo ili nikubali. Nilikubali mwenyewe. Wengine wanaolewa kwa mapenzi, mimi niliingia ndoa kama mtu anayeingia duka la dawa.

Na kweli tumbo lilitulia. Miezi ya mimba yako sikuumwa. Ulipozaliwa na kunyonya sikuumwa. Nikawasifu wote, mama, mjuzi, mama mchungaji. Nikawa nawaambia wasichana pale kisimani, nimepona, zaeni. Niliwaambia hivyo kwa mdomo wangu huu, na wawili walinisikiliza.

Ukaanza kutembea. Siku moja nachuma pamba, wewe uko mgongoni umelala, likanishika palepale chini ya kitovu, kama mtu aliyekuwa amesafiri akarudi anadai kitanda chake. Nilikaa chini kwenye mistari. Nikakufungua mgongoni nikakuweka juu ya gunia. Nililia, halafu ukaniangalia ukaweka pamba mdomoni, nikacheka. Jioni bibi yako wa Ngulyati akasema usijali, huyu wa kwanza hulegeza tu, wa pili ndiye anayekata. Nikazaa wa pili. Wa tatu nikazaa. Chango lilikuja kuwaona wote watatu wakianza kutembea.

Usije ukanisoma vibaya hapo. Nimefuta mistari miwili nikitafuta namna ya kusema hili na bado sijaipata, basi nalisema hivyo hivyo. Wewe hukuwa dawa. Waliponipa sababu ya kukuzaa walinidanganya, lakini wewe mwenyewe si uongo. Ningeweza kuuchukia ule uongo wao kila siku na bado nikainuka asubuhi kukuangalia unavyofunga kamba za viatu umetoa ulimi. Ninachotaka ni kwamba wako, ukija kuwa nao, uwazae kwa sababu unawataka. Asiwepo mtoto anayekuja duniani na kazi ya kutibu tumbo la mtu. Ni mzigo wa kijinga kumbebesha mtoto.

Na wewe nilikukosea. Uliponijia ukiwa darasa la sita, umeshika sketi kwa nyuma, nilikwambia, “Sasa ujihadhari na wavulana,” nikakupa pedi, nikarudi jikoni. Nilikuwa naunga mboga. Nilijiona mama wa kisasa kwa sababu nilikupa pedi. Mama yangu alinipa zizi, mimi nikakupa wavulana, na hakuna kati yetu aliyesema neno kuhusu damu. Hivyo soma hapa, nimechelewa lakini nimefika.

Nilikwenda hospitali mwaka jana, hukujua. Wa kwanza kunihudumia alikuwa kijana, hakuinua macho. “Una watoto?” Nikasema watatu. “Basi ni kawaida.” Ameshaandika kitu, ameshaita mwingine. Nikatoka, nikakaa kwenye benchi nikamtukana kimoyomoyo mpaka akili ikarudi, halafu nikarudi wiki nyingine nikangoja zamu ya daktari mwanamke. Ni yule yule niliyekupeleka kwake baada ya kuanguka, kwa hiyo mengine umeyasikia. Lakini ulikuwa na aibu, uliangalia sakafu, sijui yalikuingia kiasi gani.

Alisema mji wa mimba ni msuli. Kila mwezi unatandikwa ndani kwa ajili ya mtoto, na mtoto asipokuwepo, matandiko yanatolewa, ndiyo damu. Ili kuyatoa unajikamua, kama tunavyokamua blanketi kule mtoni, mmoja huku mmoja kule. Kuna kitu mwili unatengeneza ili kuuamuru ukamue, na kwa wengine kinatengenezwa kingi, basi unakamuliwa kupita kiasi, na hicho hicho ndicho kinachokutapisha na kukuharisha. Hakuna mtu aliyekutupia kitu. Nilimuuliza kuhusu kuzaa. Akasema wapo wanaopungukiwa wakizaa, wapo wasiopungukiwa, hakuna awezaye kujua kabla, na hajawahi kuona daktari anaandika mtoto kwenye karatasi ya dawa.

Kwa hiyo hesabu siku zako. Unaanza siku damu inapoanza, unahesabu mpaka siku moja kabla ya damu nyingine. Yako haifanani na ya rafiki yako, na kupishana siku chache kila mwezi si ugonjwa. Tia nukta kwenye kalenda yako ukutani, waziwazi, anayetaka kuuliza aulize. Faida yake ni kwamba utajua linapokaribia. Na wewe ukilijua, usilingoje. Hilo ndilo kosa letu wote, tunavumilia kwanza, tunajionyesha mashujaa, tunameza dawa wakati tumeshakunjamana. Ile ibuprofeni aliyokuandikia unaanza mara tu unaposikia kiuno kinavuta au unapoona tone la kwanza, ukiwa umekula kitu, hata uji, na unafuata alivyoandika bila kuzidisha. Mwenye vidonda vya tumbo au pumu asiimeze bila kuuliza, kwa hiyo usiwe mgawaji wa vidonge bwenini.

Maji ya moto kwenye chupa, izungushie khanga usiungue, weka chini ya kitovu au mgongoni. Ukiweza kutembea, tembea, zunguka uwanja, jinyooshe. Najua utaona ni ujinga, mtu anaumwa unamwambia atembee, na mimi nilimwambia daktari hivyo. Lakini nimejaribu, inasaidia kidogo, na kidogo ni kidogo. Kula dagaa, maharage na majani, kwa sababu alikuta damu yako imepungua, na zile za kuongeza damu usiache eti kwa kuwa choo kinakuwa cheusi. Ni rangi tu.

Siku chache kabla, utakuwa na hasira na huzuni ambayo huijui imetoka wapi. Kumbuka ulivyomlilia yule kuku aliyekanyagwa na bajaji, ulimlilia siku mbili. Ndivyo inavyokuwa. Huzuni inapita. Lakini usimruhusu mtu akuchukulie hasira zako zote kuwa za hedhi. Pale kwangu wanakuja wale wa ofisini kula mchana, na bwana mmoja mwenye kitambulisho shingoni kila mara akikemewa na bosi wake mwanamke anakuja kusema, “Leo mama yupo mwezini.” Wenzake wanacheka, mchuzi unawatoka puani. Siku moja nikamuuliza, “Na wewe mzee, mbona mkali kila siku, zako haziishi?” Hakurudi wiki nzima. Aliporudi alikuwa na adabu, nikamwongezea kipande cha nyama.

Pedi badilisha kabla hazijajaa, usikae na moja tangu asubuhi mpaka jioni. Zikiisha na ukatumia vitambaa, fua kwa sabuni, anika juani. Juani, Kabula, kwenye kamba, pamoja na mashuka ya watu. Usianike chini ya godoro kama sisi, tulikuwa tunaficha damu na kufuga ukungu. Na mwenye duka akikufungia pedi kwenye magazeti mawili na kuangalia barabarani kama anauza bangi, mwache ajifungie, wewe toka nje uyafungue. Hakuna kitu pale cha kumfanya mtu mzima na ndevu zake atetemeke.

Halafu kuna mambo ambayo si ya kuvumilia, hata kwa dawa. Ukilowanisha pedi ndani ya saa moja au mbili, na nyingine tena, na nyingine. Ukiumwa vilevile siku ambazo huna damu. Homa. Harufu usiyoijua. Kuzirai tena. Dawa ikishindwa miezi hii mitatu daktari aliyosema tuijaribu. Hapo hakuna chupa ya maji, unakwenda hospitali wakupige picha ya tumbo waone ndani kuna nini, kwa sababu yapo magonjwa yenye majina na matibabu yanayojificha nyuma ya maumivu haya. Ukikutana na mwingine wa kukuuliza bila kuinua macho, usitoke kama nilivyotoka. Kaa kwenye kiti. Mwambie, “Bado sijamaliza.”

Nimempigia matroni. Nilimpigia mchana nikiwa kazini, nikamwambia yote, tumbo, kutapika, kuanguka, dawa, kwa sauti yangu hii. Akaniuliza, “Mama, hakuna mtu anayesikia hapo ulipo?” Nikamwambia wapo wanne, wanakula wali. Akacheka, na nikajua ni mtu wa kuzungumza naye. Amesema wapo wengine kama wewe bwenini, si mmoja, na kwamba atakuwekea jiko la kuchemshia maji. Nimemwomba jambo lingine. Ukiumwa, hata ukianguka, asipige kwa baba yako. Anapiga kwangu.

Na hapa ndipo nilipotaka kufika. Huenda utaanguka. Nitakuwa mwongo kama wao nikikuahidi kwamba kwa kidonge na maji ya moto hutaanguka kamwe. Huenda mwezi wa kwanza tu, mbele ya wageni, siku ya mtihani. Usiogope kwa sababu ya lile lililosemwa Ngulyati, na usifiche maumivu ili wasipate la kusema, maana ukificha ndiyo utaumia kweli. Masharti yale walikubaliana wao. Mimi nilikuwa nimekalia ndoo, nilinyamaza kwa sababu ulikuwa unaniita ndani, na wakahesabu kunyamaza kwangu kuwa ndiyo. Haikuwa ndiyo.

Ukianguka, utalazwa huko huko, utatibiwa huko huko kama watoto wa watu wengine, na mimi nitafunga biashara nitakuja. Nauli ya kuja ninayo. Nitalala chini pembeni ya kitanda chako nikihitajika, matroni akichoka na mimi atazoea. Ukipona, narudi zangu Bariadi peke yangu, wewe unabaki na vitabu vyako. Nimemwambia baba yako hivyo leo asubuhi, wakati ananawa uso. Alibaki na maji yanachuruzika kidevuni, akasema, “Sasa Nyamizi tutamwambiaje?” Nikampa taulo.

Akitokea mtu getini kwenu, awe shangazi, awe mjomba, awe baba yako mwenyewe na kofia yake ya Jumapili, akasema ametumwa kukuchukua kwa sababu ya tumbo, msalimie vizuri. Umpe maji ya kunywa, katoka mbali. Mwambie mama amesema nimngoje yeye.

Halafu ningoje.

Mama yako